Aliyenyimwa Vikuku Ndiye Aliyejua Kukaa: Historia ya Mkao wa Mpanda Farasi

Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi. Pamoja na ukubwa wote huo, nzi mmoja akitua mgongoni anamsikia. Utaona ngozi pale pale inatetemeka kumfukuza. Sasa jiulize: kama nzi anasikika, je, mtu mzima wa kilo 70 aliyekaa hapo juu, kalegea upande mmoja, kakunja mabega, kabana pumzi kwa woga? Huyo anasikika kuanzia kichwani mpaka kisiginoni.

Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki farasi hakuwahi kuzoeleka, maana mbung'o walikuwa wakimmaliza. Lakini ishu yenyewe si ngeni. Muulize dereva yeyote wa bodaboda. Abiria akijipinda upande usiotakiwa kwenye kona, dereva anajua bila hata kugeuka. Na pikipiki ni chuma tu, haina akili. Farasi ana akili na ana woga wake. Ukiyumba, naye anayumba. Ukikaza misuli, naye anakaza. Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa farasi, ngoma inaanza ukiwa bado uko juu.

Ndiyo maana kwa karibu miaka 3,000 watu wamekuwa wakihangaika na swali moja: mtu akae vipi? Vitabu vimejaa majina ya mabwana wakubwa, majenerali na walimu wa ikulu. Ila ukiifuatilia historia yenyewe hatua kwa hatua, unakutana na kitu cha kushangaza. Mara nyingi somo la mkao limetoka kwa mtu aliyenyimwa kitu. Huyu hana vikuku. Yule hana hatamu. Mwingine hana uhuru. Mwingine hana miguu yenye nguvu. Na wengi wao hata majina hayakuandikwa.

Askari aliyeshikiwa hatamu

Anza na Iraki ya leo. Karne ya 9 KK, wafalme wa Ashuru walichonga picha za vita kwenye mawe ya kuta za kasri lao pale Nimrud. Mengi ya mawe hayo leo yako British Museum, London. Ukiwaangalia askari wa farasi utaona wako wawili wawili. Mmoja anapiga mshale, mikono yake yote iko kwenye upinde. Mwenzake wa pembeni anashika hatamu za farasi wote wawili. Yaani mtu mmoja anapigana, mwingine anamwendeshea.

Angalia na mkao wao. Magoti yamepanda juu, wamekaa nyuma kabisa karibu na mkia. Aliyewahi kuona vijana wa Lamu wakipanda punda anaijua picha hii. Kwa punda anayetembea taratibu haina shida. Kwa farasi anayekwenda shoti, nyuma ndiko kunakorusha kuliko sehemu nyingine zote. Askari wale walikuwa wanapigana huku wanarushwa kama gunia.

Ukija kwenye michongo ya karne ya 7 KK, kumbe yule msaidizi hayupo tena. Mpiga mshale yuko peke yake, amesogea mbele, miguu imeteremka, mikono yote miwili bado iko kwenye upinde. Farasi anaongozwa na nani? Anaongozwa na mwili wa aliye juu: uzito, nyonga na miguu. Hapo katikati kuna miaka 200 hivi ya watu kuanguka, kuvunjika na kujaribu tena. Hakuna hata mmoja wao tunayemjua kwa jina. Ila wao ndio waliogundua kwamba kiuno kinaweza kufanya kazi ya hatamu.

Mgiriki na kiti

Karne ya 4 KK alikuwepo mwanajeshi wa Athens aitwaye Xenophon, ambaye uzeeni aliandika kitabu kidogo kuhusu upandaji farasi. Kitabu hicho bado kinasomwa mpaka leo. Kumbuka, wakati huo Wagiriki hawakuwa na vikuku, zile pete za chuma za kukanyagia. Hawakuwa na tandiko gumu kama la leo pia. Ni mwili wa mtu, pengine na kitambaa, halafu mgongo wa farasi.

Xenophon alitoa ushauri ambao walimu wanaurudia mpaka kesho: mtu asikae kama aliyekaa kwenye kiti, akae kama mtu aliyesimama ametanua miguu. Hebu fikiria tofauti yake. Ukikaa kwenye kiti, magoti yanakwenda mbele, mgongo unajikunja na uzito wote unalala kwenye makalio. Kiti kikivutwa unaanguka chali. Ukisimama umetanua miguu na magoti yamelegea kidogo, hata ukisukumwa unabaki wima.

Walimu wa leo wanayo namna yao ya kulipima jambo hilo hilo. Wanasema chora mstari kutoka sikioni, upite begani, upite kwenye nyonga, uishie kisiginoni. Mstari ukinyooka, mkao uko sawa. Halafu wanakuuliza: farasi akipotea ghafla chini yako, utatua kwa miguu au kwa makalio? Ukiwa mkweli utajua unakaa au umesimama.

Xenophon hakufika hapo kwa sababu alikuwa na vifaa vizuri. Alifika hapo kwa sababu hakuwa navyo. Bila vikuku, ukikosea mkao hakuna cha kukuokoa. Ardhi ndiyo mwalimu, na haina huruma.

Vikuku vikaja, miili ikalala

Kisha vikuku vikaja. Kule China kuna sanamu ndogo ya udongo iliyotolewa kwenye kaburi la mwaka 302 BK, ikionyesha farasi mwenye kikuku kimoja tu, upande wa kushoto. Inaelekea kilikuwa cha kupandia, si cha kukanyagia safarini. Miaka 20 baadaye, sanamu nyingine inaonyesha vikuku viwili. Kutoka huko vikasambaa taratibu kuelekea magharibi, na Ulaya wakavipata miaka mia kadhaa baadaye kupitia watu wa Avar waliotoka nyika za Asia.

Vikuku ni kitu kizuri, hilo halina ubishi. Vinaokoa maisha. Lakini kila kitu kinachokusaidia kinakunyang'anya kitu kingine. Mashujaa wa Ulaya wenye mavazi ya chuma walikaa kwenye matandiko marefu yaliyowabana mbele na nyuma, miguu imenyooshwa mbele kama mtu anayekanyaga breki. Kwa kugongana na mkuki ni sawa kabisa, maana mtu hang'oki. Kwa kumsikia farasi ni sawa na kuvaa glavu nene halafu upapase karatasi.

Na mtu asiyemsikia farasi anafanya nini? Anatumia nguvu. Mwaka 1550 mwalimu mmoja wa Naples aitwaye Federico Grisone alichapisha kitabu kilichosomwa na mabwana wakubwa wa Ulaya nzima. Ndani yake kuna mambo mazuri, ila kuna na mengine ya kutisha. Kwa farasi mkaidi, eti paka afungwe kwenye mti mrefu asogezwe nyuma ya farasi ili ampe hofu asonge mbele. Kosa likitokea, anayeadhibiwa ni farasi. Hakuna aliyemwambia bwana mkubwa kwamba labda yeye ndiye amekaa upande.

Vienna: rudisha vikuku, rudisha na hatamu

Mabadiliko yalikuja pale walimu wengine walipoanza kumtazama mpandaji. Miaka ya 1730, Mfaransa François Robichon de la Guérinière alichapisha kitabu kikubwa cha upandaji kinachosisitiza utulivu na mkao usiokaza. Wakati huo huo, mwaka 1735, jengo la mazoezi la Shule ya Upandaji ya Kihispania lilikamilika pale Vienna, Austria. Jina la Kihispania limetokana na asili ya farasi wake, si walimu. Jengo lipo mpaka leo, na linang'aa kama kanisa.

Pale Vienna mwanafunzi mpya hapewi kwanza kujifunza kumwongoza farasi. Anawekwa juu ya farasi mzee anayejua kazi, mwalimu anasimama katikati akiwa na kamba ndefu, farasi anazunguka duara. Halafu mwanafunzi ananyang'anywa vikuku. Ananyang'anywa na hatamu. Anabaki na mwili wake tu, mzunguko baada ya mzunguko, siku baada ya siku, kwa muda mrefu. Kutoka hapo mpaka kuitwa mpandaji kamili inaweza kuchukua miaka 8 hadi 12.

Utaona walichofanya. Wamemrudisha kijana kwenye hali ya Mgiriki wa Xenophon kwa makusudi. Mwendo wa kati wa farasi, ule wa kurusharusha, ukikukuta huna pa kujishika unakufundisha mwenyewe. Ukibana mapaja, unarushwa juu zaidi. Ukibana pumzi, unakuwa mgumu kama mbao. Siku unayoachia kiuno kifuate mgongo wa farasi, ndiyo siku unayotulia.

Na hapo kuna walimu wawili. Mmoja ni yule wa kamba. Mwingine ni yule farasi mzee ambaye amewabeba vijana kibao, akawavumilia walivyokuwa wanamgongagonga mgongoni. Shule ile kwa kiasi kikubwa imepitisha elimu yake kwa mdomo, kutoka mkubwa kwenda mdogo. Kwa hiyo wengi waliofundisha hawakuacha kitabu. Waliacha migongo iliyonyooka.

Kitu kimoja tu: kwa zaidi ya miaka 400, wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanafunzi pale. Mlango ulifunguliwa mwaka 2008.

Kina mama wa miguu upande mmoja

Wakati wanaume wa Vienna wananyang'anywa vikuku kwa mazoezi, wanawake wa tabaka la juu Ulaya walikuwa wamenyang'anywa mguu mzima kwa heshima. Mwanamke kutanua miguu juu ya farasi ilionekana aibu. Basi akaketishwa ubavu, miguu yote upande wa kushoto. Zamani zaidi alikaa kama kwenye benchi, miguu kwenye kibao, huku mtu anatembea mbele akimvuta farasi. Yaani mzigo.

Wanawake hawakukubali kubaki mzigo. Tandiko likabadilika ili mguu wa kulia ushike pembe ya mbele, mwili ugeuke uangalie anakokwenda farasi. Miaka ya 1830 kule Ufaransa ikaongezwa pembe nyingine iliyokaa juu ya paja la kushoto, na kuanzia hapo wanawake wakaanza kuruka ua na mitaro kwa kasi ile ile ya wanaume.

Jaribu kukaa hivyo sasa hivi kwenye kiti chako: magoti yote yaelekee kushoto, halafu nyonga na mabega yaangalie mbele. Kaa dakika tano. Utagundua uti wa mgongo wako una kona usizozijua. Mwanamke yule alitakiwa akae hivyo saa nyingi, uzito ubaki katikati, kwa sababu akiegemea kushoto tandiko linahama na mgongo wa farasi unapata vidonda. Upande wa kulia hana mguu wa kumgusia farasi, ana fimbo tu. Kwa hiyo mguu uliokosekana ulibidi uzibwe na kiuno, mgongo na usikivu.

Na kosa lilikuwa na bei. Sketi ndefu iliponasa kwenye pembe, mwanamke aliburutwa. Ndiyo maana mwishoni mwa karne ya 19 zilitengenezwa sketi maalumu za kuachia zenyewe mtu akianguka. Pamoja na hatari hiyo, mwaka 1915 pale Sydney, Australia, mwanamke mmoja aliruka kizuizi cha karibu mita 2 akiwa amekaa ubavu. Wengi wenye miguu pande mbili hawawezi kufika hapo.

Vijana wa mabandani

Vuka bahari uende Marekani. Kabla ya 1865, kwenye mashamba makubwa ya kusini, kazi ya farasi wa mashindano ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa weusi. Waliwalisha, wakawatibu, wakalala nao mabandani, wakawafanyisha mazoezi alfajiri na wakawapanda siku ya mbio. Mshindi alipewa sifa bwana mwenye shamba. Majina mengi ya vijana hao hayapo popote, au yameandikwa jina moja tu, kama la farasi.

Uhuru ulipokuja, ujuzi wao haukujificha. Mwaka 1875 mbio za Kentucky Derby zilipofanyika mara ya kwanza, majoki 15 walishindana, na 13 kati yao walikuwa weusi. Katika mashindano 28 ya mwanzo, 15 yalichukuliwa na wao.

Wakati huo joki wa Uingereza alikaa wima, miguu mirefu, kama bwana anayekwenda kanisani. Mwaka 1895 joki mweusi wa Kimarekani, Willie Simms, alifika kushindana Uingereza akiwa na vikuku vifupi na mwili ulioinama juu ya shingo ya farasi. Watazamaji walimcheka. Akashinda mbio. Miaka miwili baadaye akaja Mmarekani mweupe, Tod Sloan, na mkao wa namna hiyo hiyo. Magazeti yalimfananisha na nyani juu ya kijiti, lakini aliposhinda tena na tena dunia nzima ikaiga. Sifa ya kuuleta mkao huo Ulaya ikaandikwa kwa jina la Sloan.

Je, mkao huo ni mbwembwe tu? Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha mifugo cha London walipima jambo hilo na kuchapisha kwenye jarida la Science. Walikuta muda wa kumaliza mbio kubwa ulipungua kwa hadi asilimia 7 miaka ya kuzunguka 1900, pale mkao wa kuinama uliposambaa. Sababu yake ni hii. Joki aliyekaa chini anarushwa juu na chini pamoja na farasi, na kila mruko farasi anamnyanyua upya. Joki aliyeinuka kwenye vikuku vifupi anakunja na kukunjua magoti, mwili wake unakwenda karibu mstari ulionyooka, farasi anabeba uzito bila kuurusha. Shida yote inahamia kwenye mapaja ya joki. Farasi anapumua, mtu ndiye anayeteseka.

Hapo ndipo roho inauma. Mwanzoni mwa karne ya 20 majoki weusi walisukumwa nje ya viwanja Marekani. Walibanwa kwenye uzio katikati ya mbio, walinyimwa kazi na vibali. Mkao ukabaki, wenyewe wakaondolewa.

Muitaliano aliyemtoa mpandaji

Miaka hiyo hiyo, ofisa wa jeshi la Italia aitwaye Federico Caprilli alikuwa na tatizo lake. Wanajeshi walifundishwa kwamba farasi akiruka kizuizi, mtu alale nyuma na kuvuta hatamu. Iliaminika kwamba hivyo unamsaidia farasi kutua. Farasi walikuwa wanagoma kuruka, na wanaoruka walikuwa wanatua huku midomo imevutwa na migongo imegongwa.

Caprilli alifanya kitu rahisi ambacho wengi hawakukifikiria. Aliwaachia farasi waruke bila mtu. Akawatazama, akatumia na picha za kamera. Akaona farasi akiwa huru ananyoosha shingo, anapinda mgongo na kutua kwa miguu ya mbele bila shida yoyote. Kumbe aliyekuwa anaharibu ni mtu. Akawafundisha wanafunzi wake waegemee mbele, mikono ifuate mdomo wa farasi, uzito ukae juu ya vikuku.

Caprilli alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka na farasi, akiwa bado kijana. Lakini leo kila anayeruka vizuizi kwenye Olimpiki anatumia wazo lake. Na wazo lake liliwezekana kwa sababu alikubali kwa muda kumnyima farasi kile alichodhaniwa anakihitaji: mpandaji.

Helsinki, 1952

Mchezo wa dresaji, ule wa kumwongoza farasi kwa madaha kwa ishara zisizoonekana, uliingia Olimpiki mwaka 1912. Kwa miaka 40 iliyofuata ulikuwa wa maofisa wa jeshi. Wanawake hawakutakiwa. Hata sajini hakutakiwa. Mwaka 1948 pale London, timu ya Sweden ilishinda dhahabu, halafu ikanyang'anywa kwa sababu mmoja wa wapandaji wake hakuwa ofisa kamili. Mkao wake ulikuwa mzuri, ila cheo chake hakikutosha.

Mwaka 1952 sheria ikafunguliwa. Pale Helsinki akaingia mwanamke wa Denmark, Lis Hartel. Miaka minane nyuma, mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na mjamzito, aliugua polio. Mtoto alizaliwa salama. Mama yake hakupata tena nguvu za miguu kuanzia magotini kwenda chini. Kupanda na kushuka farasi ilibidi ashikwe.

Sasa fikiria. Dresaji ni mchezo ambao mguu ndio unaongea na farasi. Mguu ukigusa hapa anakwenda pembeni, ukigusa pale anabadilisha mwendo. Yeye alibaki na mgongo, nyonga, uzito na pumzi. Akamfundisha farasi wake, Jubilee, lugha hiyo mpya, na wakaelewana.

Akachukua medali ya fedha mbele ya maofisa wenye miguu yote miwili. Bingwa wa dhahabu kutoka Sweden akamsaidia kufika kwenye jukwaa la washindi. Miaka minne baadaye, mwaka 1956, akachukua fedha tena. Habari zake ziliwasukuma watu wengi Ulaya kuanza kutumia farasi kama tiba kwa wenye ulemavu, na mwaka 1996 upandaji farasi ukaingia Michezo ya Paralimpiki.

Mgongo uliopinda ukafundisha kunyooka

Wa mwisho ni Mmarekani Sally Swift, aliyezaliwa mwaka 1913 akiwa na tatizo la uti wa mgongo uliopinda lililojitokeza utotoni. Toka mdogo alilazimika kujifunza mgongo wake uko wapi, bega lipi limepanda, nyonga ipi imezama. Watu wenye migongo iliyonyooka hawana haja ya kujua hayo. Yeye alikuwa nayo.

Baadaye alijifunza pia mbinu ya Alexander, iliyoanzishwa na mghani mmoja wa Australia aliyekuwa akipoteza sauti jukwaani. Jamaa yule alijitazama kwenye vioo mpaka akagundua kwamba kila akitaka kuongea alikuwa anakaza shingo na kuvuta kichwa nyuma bila kujijua. Naye alinyimwa kitu, akajifunza.

Mwaka 1985, akiwa na miaka zaidi ya 70, Swift alichapisha kitabu kilichobadilisha ufundishaji. Walimu wengi walizoea kupiga kelele: kisigino chini, kifua mbele, mabega nyuma! Mwanafunzi anatii, anakaza, anakuwa sanamu. Swift alileta mambo manne badala ya amri. Macho yasikodoe kitu kimoja, yaone uwanja wote. Pumzi iende chini tumboni, isikwame kifuani. Jua kitovu cha mwili wako kiko wapi, hapo chini ya kitovu cha tumbo, na uruhusu mwendo uanzie hapo. Panga mwili kama matofali: miguu, nyonga, mbavu, mabega, kichwa, kila tofali juu ya lenzake.

Ukiangalia vizuri ni Mgiriki yule yule wa kusimama ametanua miguu, ila sasa ameelezwa kutokea ndani.

Inakuhusu nini wewe usiye na farasi?

Inakuhusu, kwa sababu umekaa sasa hivi. Pengine umeinamia simu, shingo mbele, mgongo umejikunja kama kamba, uzito uko kwenye kalio moja. Kiti hakilalamiki. Farasi angeshakwambia.

Jaribu zoezi wanalofanyishwa wanafunzi wa farasi. Kaa ukingoni mwa kiti kigumu, nyayo chini, viganja chini ya makalio. Utaisikia mifupa miwili. Je, imelalia viganja sawasawa, au mmoja umezama zaidi? Sogeza nyonga mbele na nyuma taratibu mpaka mifupa iwe imeelekea chini moja kwa moja. Toa viganja. Pumua mpaka tumboni. Angalia mbali bila kukodoa. Hapo mgongo unapanda wenyewe, hujaukaza. Akina mama wanaobeba ndoo kichwani bila kuishika wanaujua mkao huo bila kusoma kitabu chochote.

Karibu watu wote wana upande mmoja wenye nguvu zaidi na mwingine wa kujificha. Farasi wa mtu kama huyo anaanza naye kupinda, halafu anaitwa mkaidi, halafu anapigwa. Kwa miaka mingi kosa limekuwa la mnyama. Waliovunja mtindo huo ni wale waliokosa cha kujificha nyuma yake: askari asiye na wa kumshikia hatamu, mwanafunzi wa kwenye kamba, mama wa tandiko la ubavu, kijana wa bandani, mwanamke wa polio, msichana wa mgongo uliopinda. Hawakuwa na chuma cha kukanyagia wala nguvu ya kulazimisha, ikabidi wausikilize mwili.

Wewe mdau, ukiweka viganja chini ya makalio sasa hivi, umeegemea upande gani? Na ni nani mtaani kwako mwenye mkao mzuri ambaye hakuna aliyemfundisha? Tupia maoni yako hapo chini.